GRiD Compass: Laptopu Isiyo na Betri

REHEMA: Leo Salim kaja kamili, naona.

SALIM: Nimekuja, dada. Wiki nzima unaniimbia GRiD Compass, eti mama wa laptopu zote. Sasa niambie, laptopu gani haina betri?

REHEMA: (anacheka) Umegusa kidonda mapema hivi?

SALIM: Mwaka 1982 mtu atoe dola 8,150, halafu aanze kuzunguka chumba akitafuta soketi!

REHEMA: Hapo sibishi. Lakini kumbuka kompyuta ya kubebeka ilikuwa kitu gani enzi hizo. Osborne 1, ya 1981, ilikuwa na kilo 11. Unaibeba kama cherehani, bega linainama upande, na ukifika skrini yenyewe inchi 5. Nayo pia ilitaka soketi, kwa taarifa yako.

SALIM: Haya, endelea.

REHEMA: Compass ina kilo 5 hivi. Unainua kifuniko, skrini imesimama, kibodi iko mbele yako. Ukimaliza unafunika, skrini inalalia kibodi, umeondoka. Ni kazi ya Bill Moggridge, mbunifu Mwingereza aliyekuwa California. Leo unafunua laptopu bila kufikiri, lakini ilibidi mtu akae chini aibuni hiyo bawaba. Na ilipewa hataza kabisa.

SALIM: Umbo sina neno. Ndani je?

REHEMA: Ndani ndiko ninakopenda mimi! Prosesa ni Intel 8086, modemu, ya kutuma data kwa simu, imo humo humo, skrini bapa inang'aa rangi ya kaharabu. Gamba ni la magnesiamu, na ndilo linalotoa joto nje.

SALIM: Yaani unapakata pasi.

REHEMA: Pasi nzuri lakini. Sasa hifadhi yake: haina diski inayozunguka. Data inakaa kama viputo vidogo vya sumaku vinavyosukumwa ndani ya utando mwembamba. Ukizima umeme, viputo vinabaki. Ukiitikisa, hakuna kinachozunguka humo kikakwaruzwa. Zaidi ya kilobaiti 300, bila kitu kinachozunguka!

SALIM: Ghali, bila shaka.

REHEMA: Ghali mno. Diski ngumu ziliposhuka bei, viputo vikapasuka.

SALIM: Kwa hiyo nani alinunua? Maana nasikia hata programu za IBM PC, kompyuta ya mezani ya kampuni ya IBM, haikuziendesha, ilikuwa na mfumo wake wa uendeshaji, GRiD-OS.

REHEMA: Hilo liliiumiza kweli. Wateja wake walikuwa wakubwa wa makampuni, serikali, jeshi... na NASA, shirika la anga la Marekani. Novemba 1983 ilipanda na chombo cha anga cha Columbia, safari ya STS-9. Kwenye skrini wanaanga waliona ramani ya dunia na mahali chombo chao kilipo juu yake.

SALIM: Na lile joto lake?

REHEMA: Swali zuri! Huko hakuna uzito, kwa hiyo hewa ya moto haipandi juu ikaondoka. Inakuganda hapo hapo. Ikabidi waiwekee feni.

SALIM: Na umeme wanachukua wa chombo. Kumbe mwanaanga ndiye mteja pekee asiyehangaika na soketi!

REHEMA: (anacheka) Nimekuachia hiyo. Sasa kuna kisa cha Moggridge mwenyewe, alikisimulia baadaye. Alipopata moja akaanza kuitumia, alijua atafurahia ile bawaba, na namna kifuniko kinavyofunga. Kidogo tu, akajikuta amezama kwenye yanayotokea nyuma ya kioo: maneno, menyu, programu inavyomjibu. Akaona ubunifu wenyewe uko huko. Akaingia huko moja kwa moja, na yeye na mbunifu mwenzake Bill Verplank ndio waliolipa eneo hilo jina: ubunifu wa mwingiliano, kati ya mtu na mashine.

SALIM: Na bawaba?

REHEMA: Alishaisahau.

SALIM: Basi ilikuwa bawaba nzuri.