Difu Loki na Udhibiti wa Kielektroniki Katika Njia za Mbuga
Mhadhara kwa madereva na wanafunzi wa ufundi wa magari, Tabora

Ndugu walimu wa karakana, ndugu madereva, nanyi vijana mnaojifunza ufundi,

Swali nililopewa ni lile ambalo madereva wa mkoa huu huulizana kila Novemba mvua zinapoanza: gari linaloingia mbugani, kwenye tambarare za udongo mweusi unaonata, liwe na difu loki, yaani kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, au mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utelezi wa magurudumu unatosha? Jibu langu nitalitoa mapema ili mnipime kwa hoja zitakazofuata. Kwa udongo wa huku napendelea difu loki, kwa sababu dereva anaweza kuifunga kabla gurudumu halijateleza, ilhali mfumo wa kielektroniki hauna la kufanya mpaka gurudumu liwe limekwisha kuteleza.

Tuanze na difu yenyewe. Gari linapokata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Wengi wetu tumefundishwa kwamba gurudumu moja likiwa kwenye tope, difu hupeleka nguvu zote huko. Kauli hiyo imezoeleka sana gereji, lakini inampotosha fundi. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kushoto na kulia. Kinachokimbilia upande wa tope ni mzunguko. Gurudumu lililo kwenye tope halina cha kushindana nacho, kwa hiyo hupokea nguvu kidogo, na mwenzake aliye kwenye ardhi imara hupewa hiyo hiyo kidogo, hata kama angeweza kubeba mara tano yake.

Tufanye hesabu. Chukulieni kwamba gurudumu la kushoto, kwenye tope, linaweza kupokea nyutoni mita 200 tu (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na la kulia linaweza kupokea 1,000. Kwa difu ya kawaida, la kushoto hupata 200, la kulia 200, jumla 400, na gari halitoki. Ukifunga difu, magurudumu mawili huwa kama yamepigiliwa kwenye ekseli moja: la kushoto huchukua 200 yake, la kulia huchukua 1,000 yake, na gari husukumwa kwa 1,200. Mfumo wa kielektroniki hupita njia nyingine. Sensa huona gurudumu la kushoto linazunguka kwa kasi kuliko mwenzake, kompyuta huamuru breki ilishike, tuseme kwa nyutoni mita 800. Sasa upande wa kushoto una 200 za tope na 800 za breki, yaani 1,000, na kwa kuwa difu hugawa sawasawa, upande wa kulia nao hupata 1,000. Gari husukumwa kwa 1,200 zile zile. Lakini hapa ekseli imedai 2,000 kutoka kwenye injini, na 800 kati ya hizo zinageuka kuwa joto kwenye breki. Ndiyo maana baadhi ya magari hujizimia mfumo huu kwa muda breki zikipata moto sana, na dereva asiyejua hudhani umeharibika.

Wazo la kushika gurudumu kwa breki limewezekana kwa sababu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki, ambayo kampuni ya Bosch waliitoa kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Sensa za kila gurudumu zilipokwisha kuwepo, kutumia breki hizo kuzuia utelezi wakati wa kukanyaga mafuta ilikuwa hatua inayofuata. Ni kazi nzuri ya wahandisi na sitaki mtu atoke hapa akiibeza. Kwenye mteremko wa mawe, kama ule wa kushuka kuelekea Ziwa Tanganyika, gurudumu likining'inia hewani mfumo hulishika, gari husonga, na usukani hubaki mwepesi. Kosa ninaloliona kwa madereva wetu ni kwamba wakisikia breki zikikwaruza chini ya gari wanaachia mafuta kwa hofu. Sauti hiyo ni ya kazi ikifanyika. Shikilieni mafuta kwa utulivu, msiongeze kwa pupa wala msiachie.

Mbuga, hata hivyo, si mawe. Udongo wake mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na huvimba na kunata ukilowa. Juu yake mara nyingi kuna tabaka jembamba lililoshikana, na gari huweza kupita juu ya tabaka hilo mradi magurudumu yasilikate. Gurudumu likizunguka bure hata mara moja tu, meno ya tairi yanajaa udongo, tabaka linakatika, na chini yake ni uji. Msimu mmoja wa masika nilikuwa upande wa Kaliua na gari lenye mfumo wa kielektroniki peke yake. Taa iliwaka kwenye dashibodi, breki zikashika kama zilivyopaswa, kila kitu kikafanya kazi yake, na gari likazama hadi kwenye ekseli. Tulichimba mpaka jua likatua. Mfumo haukukosea, ulichelewa kwa muda mfupi ambao udongo ule hauusamehi.

Sasa niseme madhara ya difu loki, maana nimewaona wanaoisifu bila kuyajua. Gari lililofungwa difu halipendi kukata kona: linasukuma mbele hata usukani ukiwa umegeuzwa. Kwenye barabara ya udongo mwekundu iliyoinuka katikati, ikilowa, difu ikiwa imefungwa magurudumu yote mawili ya nyuma yanaweza kuteleza pamoja, na mkia wa gari ukaenda mtaroni. Difu ya kawaida ingeacha gurudumu moja lizunguke na lingine lishikilie mkia. Kwa hiyo mahali pale ifungueni. Ifungueni pia kabla ya kurudi kwenye ardhi ngumu, la sivyo ekseli itabeba mzigo usio wake na siku moja itakatika. Tena msiifunge gurudumu likiwa linazunguka bure kwa kasi: simamisheni gari, fungeni, kisha ondokeni taratibu. Kwenye Land Cruiser Mkonga zilizotoka kiwandani na loki mbili, swichi hufunga nyuma kwanza na mbele baadaye. Fuateni mpangilio huo, kwa kuwa ya mbele hukaza usukani mno. Wenye malori ya difu mbili wakumbuke kwamba kuna loki kati ya difu na difu, na nyingine kati ya gurudumu na gurudumu. Ya kwanza ndiyo ya kuanza nayo.

Jambo moja mwisho, nalo ni la kiangazi. Difu loki isiyotumika miezi saba hukwama: mota yake huingia maji, au bomba la upepo hupasuka, na dereva huja kugundua akiwa katikati ya tope. Ipimeni Oktoba. Inueni ekseli ya nyuma, muiweke juu ya stendi, mzuie vizuri magurudumu ya mbele, kisha muweke gia na kuzungusha gurudumu moja kwa mkono. Loki ikiwa wazi, la pili litazunguka kinyume. Loki ikiwa imefungwa, hakuna litakalozunguka. Gari limekwisha kuinuliwa nje, chini ya mwembe. Twendeni kila mmoja alijaribu kwa mkono wake.