Anayeshika Ufunguo wa Kabati: Mfamasia, Dhamiri na Dawa za Uzazi wa Mpango

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wafamasia wenzangu, nanyi wanafunzi ambao karibuni mtavaa koti jeupe, nawashukuru kwa kuniita.

Swali mlilonipa ni hili: je, sheria imlazimishe mfamasia kuuza dawa za uzazi wa mpango hata kama dhamiri yake inamkataza? Nitalijibu waziwazi. Lakini niruhusuni nianzie kaunta, maana swali hili linazaliwa kaunta kabla halijafika bungeni wala mahakamani.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa msaidizi katika duka moja la dawa. Jioni moja, muda wa kufunga umekaribia, akaingia mama mmoja na cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne. Alikiweka kaunta, akakifunika kwa kiganja, akasubiri mteja wa pembeni yake aondoke ndipo akakisukuma mbele. Mkubwa wangu wa kazi alikifungua, akakisoma, akakikunja upya kwa mikunjo ileile, akamrudishia. “Hii hatutoi hapa.” Hakupandisha sauti, wala hakumtukana. Vidonge vilikuwa nyuma ya mgongo wake, rafu ya tatu, nimevipanga mwenyewe asubuhi ile. Yule mama hakuuliza kwa nini. Alisema asante, akatoka.

Nami nilinyamaza. Nimekaa na ukimya ule miaka mingi, na ndio ulionileta mbele yenu leo.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo nadhani ndilo kiini cha mjadala huu wote, na ambalo mara nyingi tunaliruka tukakimbilia kugombana juu ya dini. Kwa nini yule mama alikuja kwetu? Kwa sababu hakuwa na pa kwenda kwingine. Sheria inamkataza muuza mboga kuuza vidonge vile. Inamkataza muuza nguo, inamkataza jirani yake. Dola imechukua dawa, ikaifungia kabatini, ikatafuta watu wachache waliosoma, ikawapa ufunguo na leseni. Ufunguo huo si mali yetu. Tumekabidhiwa, kama mtu anavyokabidhiwa ghala la kijiji. Sasa mtu aliyekabidhiwa ghala akisema, “Huyu nampa mahindi, yule simpi, maana moyo wangu hauridhiki naye,” mwenye haki ya kulalamika ni nani? Ni kijiji. Na akitaka kuuacha ufunguo, auache, hakuna atakayemfunga kamba. Asichoweza ni kuushika ufunguo na kuufunga mlango kwa wakati mmoja.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwahi kulisema hilo. Mwaka 1995 wafamasia wawili katika kijiji cha Salleboeuf, Ufaransa, walikataa kuwauzia wanawake vidonge vya kuzuia mimba walivyoandikiwa na madaktari. Wakatozwa faini, wakakata rufaa, wakafika mpaka Strasbourg, mji yaliko makao ya mahakama hiyo, wakidai uhuru wao wa dini umevunjwa. Mwaka 2001 mahakama ikakataa shauri lao. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bidhaa hii inauzwa kihalali, kwa cheti cha daktari, na haipatikani popote isipokuwa famasi, kwa hiyo mfamasia hawezi kuitanguliza imani yake na kuwabebesha wengine. Imani yake anaweza kuidhihirisha kwa njia nyingi nje ya kazi hiyo. Maneno yale “haipatikani popote isipokuwa famasi” ndiyo yaliyobeba uamuzi. Yaondoeni, na hoja inabadilika kabisa. Nitarudi hapo.

Kwanza niseme habari ya saa. Dawa nyingi zinasubiri. Mgonjwa akikosa leo atapata kesho, shida yake imeongezeka kidogo. Vidonge vya dharura, vya kuzuia mimba baada ya tendo, havisubiri. Viko vya dawa mbili: levonojestreli hutumika ndani ya saa 72 tangu tendo, ulipristali ndani ya saa 120, na kwa levonojestreli kila saa inayopita inapunguza uwezo wake. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Yai likishatoka, kidonge hakina tena la kufanya. Kwa hiyo ukimwambia mwanamke aliyebakwa usiku wa kuamkia leo, “Nenda duka la pili,” na la pili liko mbali, au limefungwa kwa sikukuu, au nalo lina mtu kama wewe, umemwamulia. Saa zimeamua kwa niaba yako, wewe ukiwa umeweka mikono mfukoni.

Najua wapo wanaoamini kwamba kidonge hicho kinalitoa yai lililokwisha kurutubishwa, na kwa hiyo kwao kukiuza ni kushiriki kuua. Huyo mtu simbezi. Ningeamini anavyoamini, nami mkono ungetetemeka. Lakini tumsaidie kwa ukweli: mwezi Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya levonojestreli ya dharura na kueleza kwamba haizuii yai lililorutubishwa kujipandikiza kwenye mji wa mimba, wala haiharibu mimba iliyokwisha kushika. Nimewaona wenzetu ambao walipoelewa hilo waliacha kukataa, bila amri ya mtu.

Wapo wengine ambao hoja hiyo haiwagusi. Wao wanapinga kuzuia mimba kwenyewe. Kanisa Katoliki, kwa mfano, mwaka 1968 lilisisitiza rasmi kwamba njia zisizo za asili hazikubaliki, na muumini anayelishika fundisho hilo hatikisiki kwa somo la ovari. Mkubwa wangu wa siku ile alikuwa mtu wa namna hiyo. Na nataka mjue alikuwa mtu wa aina gani. Wazee waliokosa fedha za dawa ya presha aliwaongezea kutoka mfukoni mwake. Alibaki usiku akipiga simu huku na huko kumtafutia insulini mtoto ambaye hakuwa ndugu yake. Hakuwa katili. Kama angekuwa katili, mjadala huu ungekuwa rahisi.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema dhamiri ya mfamasia ni upuuzi, auze au aondoke. Mfamasia asiye na dhamiri ni hatari kuliko mfamasia mkaidi. Tunamtaka mtu atakayekataa kutoa dozi iliyoandikwa kimakosa hata daktari akimfokea. Na hapa tuangalie tusichanganye mambo. Mwanamke aliyevuka miaka 35 anayevuta sigara sana, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga wa ajabu, au aliyewahi kuganda damu mguuni, ukimwambia vidonge vyenye homoni mbili havimfai, umefanya kazi yako. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu ukimwonya kwamba dawa hiyo inaidhoofisha kinga yake ya mimba, umefanya kazi yako vilevile. Huko kukataa kunamlinda aliyesimama mbele yako. Kukataa ninakokuzungumzia leo kunamlinda aliyesimama nyuma ya kaunta.

Tena mara ngapi hatujui hata tunachokikataa! Vidonge vilevile vya uzazi wa mpango daktari humwandikia msichana ambaye hedhi yake ni nzito mpaka anaishiwa damu, au mwanamke ambaye kila mwezi maumivu yanamlaza. Cheti hakisemi sababu. Mfamasia mwenye kipingamizi itambidi aulize, mbele ya foleni, “Hivi ni vya nini?” Jamani, swali hilo mbele ya foleni!

Marekani wamelijaribu jambo hili kwa njia nyingi, na tunaweza kujifunza. Jimbo la South Dakota mwaka 1998 liliweka sheria ya kumruhusu mfamasia kukataa dawa anayoamini itatumika kutoa mimba. Illinois ikaenda upande wa pili: mwaka 2005 gavana alitoa amri kwamba famasi zitoe dawa za kuzuia mimba bila kuchelewesha, wafamasia waliopinga wakaenda mahakamani na mwishowe wakashinda, maana jimbo hilo lilikuwa tayari na sheria ya kulinda dhamiri katika huduma za afya. Kilichonivutia mimi ni Washington, jimbo lile la magharibi. Kanuni zao za mwaka 2007 ziliweka wajibu kwenye famasi, hazikuuweka kwenye kila mfamasia. Mtu mmoja anaweza kujiweka kando, ila mwenzake lazima awepo pale pale na mteja ahudumiwe kwa wakati. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizikubali kanuni hizo mwaka 2015, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilikataa kusikiliza rufaa, ingawa majaji watatu walipinga uamuzi huo.

Hapo ndipo ninaposimama. Duka lenye leseni lilazimike. Mtu mmoja mmoja apewe nafasi ya kupisha, lakini kwa masharti: aseme mapema, kabla hajaajiriwa, siyo siku mteja amesimama mbele yake; asikizuie cheti; asihubiri; na kama yuko peke yake zamu, auze. Sharti hili la mwisho ndilo chungu, nami silifuti. Kumwelekeza mteja duka lingine hakutoshi mahali ambapo duka lingine halipo.

Na sasa nirudi kwenye maneno ya mahakama ile. Kama mzigo wetu unatokana na kufuli, basi dola nayo ijiulize kama kila kufuli linahitajika. Julai 2023 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kidonge cha kila siku cha kuzuia mimba kuuzwa bila cheti, chenye homoni moja ya nojestreli. Dawa ikishawekwa rafuni pamoja na za mafua, mwanamke anaichukua mwenyewe na ugomvi mwingi unakwisha. Wanaopigania dhamiri ya mfamasia wangepaswa kuwa wa kwanza kudai mlango huo ufunguliwe. Inanisikitisha kwamba mara nyingi siwaoni hapo. Kutaka kabati libaki na kufuli, ufunguo ubaki mkononi mwako, na bado uwe huru kutokufungua, ni kutaka mamlaka juu ya watu wazima ambayo hakuna aliyekupa.

Nimalizie na kijana mmoja niliyemwajiri nilipofungua duka langu. Siku ya usaili alinieleza, “Bosi, dawa hizi mimi siwezi.” Nilimshukuru kwa kuniambia. Tukapanga zamu asiwe peke yake. Alipoletewa cheti cha namna hiyo alisema, “Mwenzangu atakuhudumia sasa hivi,” basi, bila kukunja uso, na wateja wengi hawakugundua kitu. Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Kisha mwenzake akaugua, nami nikakosa wa kumshika mkono zamu za usiku. Alikuja ofisini, akakaa, akaniambia, “Nimefikiri. Siwezi kuuza, na siwezi kumrudisha mtu usiku. Kwa hiyo sifai kaunta.” Aliomba kazi katika maabara ya kupima ubora wa dawa, akaipata. Mshahara wake ulishuka kwanza. Bado tunapigiana simu, na sijawahi kufanya kazi na mtu ninayemheshimu zaidi yake.

Nawasikiliza sasa kwa maswali.