Ng'ombe Wawili wa Plau: Editha na Masanja wanaongea kuhusu Vincent de Paul

EDITHA: Karibuni tena jamani, mko na Editha na Masanja. Masanja, wiki hii nina jambo limenikaa kooni. Jumapili misa ya kwanza likatoka tangazo, kuna familia Mabatini baba anaumwa, mama anaumwa, watoto homa. Weee, watu walijitoa! Mpaka saa kumi pale ndani kuna sato, kuna wali masufuria, viazi, na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Friji hawana. Jumatano napita, sato wameshatupwa, unga hakuna, na tangu Jumapili hajapita mtu.

MASANJA: Hata michembe iliisha?

EDITHA: Michembe ndiyo iliyowashikilia hizo siku zote.

MASANJA: Michembe haimtupi mtu.

EDITHA: Sasa ndo nikamkumbuka Mtakatifu Vincent de Paul. Agosti 1617 yuko Châtillon, Ufaransa, ni paroko, yuko sakristia anavaa mavazi ya misa, anaambiwa kuna nyumba nje ya mji wote wagonjwa. Akawagusia waumini kwenye mahubiri. Mchana anatoka kwenda kuwaona, anakuta barabara imejaa, hawa wanaenda hawa wanarudi, kila mtu kabeba chakula. Akaona hiki leo ni kingi kitaoza, halafu kesho kutwa wanarudi kwenye njaa ile ile. Akawakalisha wanawake wa parokia wakapangana zam...

MASANJA: Ngoja, umeruka ng'ombe.

EDITHA: Ng'ombe gani tena?

MASANJA: Baba yake aliuza ng'ombe wawili mwanae akasome Toulouse! Tena wale wa plau, sio ndama wa zawadi. Mtoto kazaliwa 1581 kijijini Pouy, anachunga mifugo ya mzee kama sisi tulivyochunga, na mzee anatoa jozi nzima. Mtu wa Kwimba anayenisikiliza anajua, ukiuza hao msimu unaofuata unashika jembe la mkono wewe na mkeo na watoto waliobaki. Huyo mzee mimi namuombea atangazwe mtakatifu.

EDITHA: (anacheka) Sawa, tuendelee. Akapata upadre mwaka 1600, kijana wa miaka 19 tu, na miaka ile ya mwanzo alikuwa anatafuta nafasi yenye kipato, awainue na kwao...

MASANJA: Si ana deni la ng'ombe!

EDITHA: Masanja. Halafu kuna kitu alikisema mwenyewe uzeeni, kwamba alipokuwa shule pale mji wa Dax baba yake, mkulima maskini, alikuja kumtembelea, na yeye akaona aibu, hakutoka kwenda kuongea naye.

MASANJA: Baba huyu huyu?

EDITHA: Huyu huyu.

MASANJA: Ah. Ah, hapana. Hapo mimi nimeumia kweli, maana mzee yule akarudi nyumbani na bado baadaye akauza ng'ombe.

EDITHA: Na Vincent hakulificha, aliwasimulia wenzake akiwa mtu mzima anaheshimika. Lakini turudi kwenye zamu, mimi nasema jumuiya zetu zinakosa hicho tu. Ule utaratibu wa Châtillon waliuandika, mama mmoja siku yake anapika, anapeleka, anamsalimia mgonjwa kwa furaha, anamtengea, na anaambiwa aanze na wagonjwa wenye mtu wa kukaa nao, amalizie na yule aliye peke yake ili akae naye muda mrefu. Hicho bila mpango hukipati.

MASANJA: Mi sikubali. Wale watu wa barabarani walienda saa ile ile walipoambiwa, ndo ilikuwa neema yenyewe. Leta daftari la zamu uone, utasikia zamu yangu Alhamisi, utasikia tusubiri kikao, na mwenye njaa anasubiri kikao.

EDITHA: Mwenye njaa wa Jumatano alisubiri nini? Hakukuwa na daftari hata moja!

MASANJA: Na mzee wa Pouy aliuza kwa zamu? Mmoja mwaka huu mmoja mwakani? Alitoa wote!

EDITHA: Alitoa kwa mpango, ada ya shule ilikuwa mpango!

MASANJA: Ilikuwa imani.

EDITHA: Hapana kaka, ilikuwa hesabu ya mtu anayempenda mwanae.

MASANJA: Haya, sikubaliani na wewe hata kidogo.

EDITHA: Wala mimi na wewe. Na wenye chumba wananionyesha saa hapa. Nilikuwa na mafunzo matatu nimeyaandika, na hatujamgusa Louise de Marillac, mwaka 1633 ndo yeye na Vincent wakaanzisha shirika la Mabinti wa Upendo pamoja, mabinti wengi wa kijijini, na mimi huyo mama ndo nilikuwa namtaka zaidi. Basi, mpaka wiki ijayo.

MASANJA: Watu wa mnadani tuandikieni, jozi ya plau sasa hivi inaendaje?

EDITHA: Masanja, zima maiki.