Cheti cha CPR Marekani: mmeuliza mno, leo nawajibu

Haya jamani, mambo? Niko ndani ya gari, nimetoka zamu ya usiku, sura mtaivumilia. Kila nikiweka video lazima mtu aulize: “Dada, cheti cha CPR nichukulie huku Bongo au nikifika?” CPR ndiyo ile huduma ya kwanza ya kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama. Leo najibu. Na mkisema naringa, semeni. Kazi yangu kuwanyanyua bibi za watu kutoka kitandani kuwapeleka chooni, hapo cha kuringia kiko wapi?

Darasa lenyewe ni nusu siku tu. Sanamu limelazwa sakafuni, unapiga magoti, unakandamiza katikati ya kifua mara 30, unapuliza pumzi 2, unarudia. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kizame sentimita 5 au zaidi kidogo. Mimi niliyekulia kwenye kutwanga kisamvu nikajua hapa nitawafunika. Wapi! Dakika mbili jasho chapachapa, mwalimu anasema bado hujafika chini.

Sasa hela. Ubahili ulinipeleka mtandaoni: dola 20, maswali kumi, cheti papo hapo. Nikalipa, nikakipeleka kazini kifua mbele. Wa ofisini hata hakukimaliza kukisoma. Wao wanataka kadi ya American Heart Association, shirika la mambo ya moyo la hapa Marekani, au ya Red Cross, ya mtu aliyefanya kwa mikono mbele ya mkufunzi. Ishirini ikaenda na maji. Nikatoa nyingine 75. Mama akashtuka: “Laki mbili kasoro, kumkandamiza mwanasesere?”

Halafu kadi inatumwa kwa imeili, na anwani yangu ya imeili waliikosea herufi moja. Kadi kuja kupatikana, ina majina mawili, kitambulisho changu kina matatu. Siku 9 sijapangiwa zamu, na kodi ya nyumba haijui habari za herufi. Wiki hiyohiyo ndugu yangu mmoja, anajijua, anataka simu mpya. Nikamwambia sina, akajibu kwamba Marekani imenibadilisha. Sawa.

Kwa hiyo silalamiki, naeleza. Hayo ni yangu mimi, hapa Dallas, kwa mwajiri wangu. Kuna wenzangu wabeba boksi wanalipiwa na kazini. Wewe muulize mwajiri wako anataka kadi ya nani kabla hujatoa hata senti.

Ila kuna sehemu ilinigusa. Mkufunzi alipofika kwenye kifafa akasema usimtie mtu chochote mdomoni, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu. Nikainama. Mtaani kwetu Tanga mimi ndiye niliyekuwa natumwa kijiko.

Kadi inadumu miaka 2, yangu inaisha Machi, kwa hiyo narudi tena kwenye sanamu. Msiniombe video ya darasani, walikataza kamera.