Kumnywesha Panya Dondoo la Mlonge Bila Kumuumiza

Karibuni wapendwa, hasa nyinyi wanafunzi mnaoanza kazi ya wanyama. Leo tunapima kama mlonge unashusha sukari ya damu. Majani yangu ya mlonge haya hapa, yameshakauka. Mimi hukausha kivulini mpaka jani ukilifinya linavunjika. Wapo wanaoanika juani. Mimi sipendi, jani linapauka. Saga, loweka gramu 100 kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kuchujia, gandisha na ukaushe. Unabaki na unga huu, ndio dondoo lenyewe. Hapo hapana ugumu.

Twende kwa panya, maana ndiyo sababu ya kuwasha kamera. Kibali cha maadili kiwe kimetoka kabla hujamgusa mnyama yeyote.

Huyu ana kisukari, na leo ana gramu 200. Dozi ni miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo anapata miligramu 40. Nimeyeyusha miligramu 40 katika kila mililita, basi anakunywa mililita moja. Mpime kila mara. Panya wa kisukari hukonda haraka, uzito wa wiki iliyopita utakudanganya.

Sasa sindano ya kunyweshea, inayochomekwa kwenye bomba lenye dawa. Ni butu, ina kijipira nchani. Ipime kwanza kwa nje, toka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, weka alama. Mshike ngozi ya shingo na mgongo, kichwa na mwili vinyooke... Subirini, kamera inaona kiganja changu tu. Sogeza kushoto, mdogo wangu. Hapo hapo, asante.

Pitisha kando ya ulimi, fuata kaakaa, aimeze mwenyewe. Usisukume. Narudia, usisukume! Ikigoma, toa, mwache apumue, anza upya. Mwaka wangu wa kwanza nilisukuma. Sindano ilikuwa kwenye koo la hewa, dawa ikaenda mapafuni, panya akanifia mkononi. Kile kikohozi chake kidogo nakisikia mpaka leo. Kwa hiyo akikohoa, au ukiona majimaji puani, acha palepale.

Na hata asipokufa, panya aliyechubuka koo hali chakula. Asipokula, sukari inashuka, nawe utaandika kwamba mlonge umeishusha, kumbe ni njaa. Ndiyo maana kundi la maji matupu na kundi la metformini, dawa ya kisukari ya hospitali, nao wananyweshwa kwa sindano hii hii, mkono huu huu, saa ile ile.

Alama imefika mdomoni, anapumua vizuri. Sukuma bomba taratibu... taratibu... usisukume sindano, sukuma bomba! Toa kwa kunyoosha. Mrudishe kizimbani, mwangalie dakika chache. Mnamwona? Anajisafisha masharubu. Baada ya saa mbili tunachukua tone la damu mkiani.