Tangi Kubwa la Samaki: Kwanza Lisipinde, Kisha Lisivuje

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga tangi kubwa la samaki kwa mikono yako mwenyewe na kulizuia lisivuje. Swali ninaloulizwa kabla ya mengine yote ni: nipake nini ndani? Swali hilo nitalijibu, lakini halitatangulia. Tangi la mbao likivuja, lawama huenda kwa rangi, ilhali mara nyingi kilichotokea ni kwamba sanduku lilipinda, na rangi ikapasuka pale pale lilipopinda.

Basi tuanze na maji yenyewe. Chukua tangi la urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha maji cha sentimita 60. Hizo ni lita 1,200, yaani kilo 1,200 kabla hujaweka mchanga, mawe wala kiunzi. Sakafu lazima iubebe uzito huo, na meza ya tangi iwe imenyooka kwa pimamaji pande zote. Hilo wengi wanalikumbuka. Wanalolisahau ni msukumo wa pembeni. Ukuta wa mbele wa tangi hilo una eneo la mita za mraba 1.2, na mgandamizo wa wastani ni ule wa nusu ya kina, sentimita 30 za maji. Zidisha, unapata msukumo sawa na uzito wa kilo 360, unaosukuma kwenda nje mchana na usiku bila kupumzika.

Sasa ongeza kina kiwe mita 1.2. Kina kimeongezeka mara 2, lakini msukumo umefika kilo 1,440, yaani mara 4, kwa sababu eneo limekua na mgandamizo nao umekua. Upana wa tangi kutoka mbele kwenda nyuma hauingii kabisa katika hesabu hii. Mgandamizo wa maji hufuata kina, haujali maji ni mengi kiasi gani. Simon Stevin alilieleza hilo tangu mwaka 1586. Kwa mjenzi hii ni habari njema sana. Ukitaka lita nyingi, panua tangi, usilirefushe kwenda juu. Samaki wengi pia hunufaika zaidi na nafasi ya kuogelea kwenda mbele, na eneo kubwa la uso wa maji huingiza hewa vizuri.

Msukumo huo unapoubana ubao, ubao hupinda. Sehemu ya chini imeshikwa na sakafu ya tangi, kwa hiyo panapovimba zaidi ni katikati ya ukingo wa juu. Hapo kuna kanuni mbili ambazo ningependa kila mmoja aondoke nazo. Ya kwanza: ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa unene zidisha unene zidisha unene. Unene ukiwa mara 2, ugumu unakuwa mara 8. Ya pili ni kubwa zaidi: kupinda hukua kwa urefu usio na egemeo ukizidishwa hivyo hivyo, lakini ukiandikwa mara nne. Ukipitisha boriti moja juu ya tangi, katikati, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, umeukata urefu huo nusu, na kupinda kunashuka hadi takriban sehemu 1 kati ya 16. Kipande kimoja cha mbao kimefanya kazi ambayo ndoo nzima ya rangi ya bei kali isingeweza kuifanya.

Kwa hiyo plaiwudi ya milimita 18, yenye gundi ya kustahimili maji na isiyo na mapengo katikati ya tabaka zake, ikiunganishwa kwa gundi na skrubu kisha ikafungwa fremu ya mbao kuizunguka juu na chini, inafaa kwa tangi la mfano wetu. Toboa matundu ya mabomba sasa, kabla ya kupaka chochote, maana kingo za matundu hayo ndizo plaiwudi hunywea maji kwanza. Fundi wa jahazi hukalafati mishono, kisha mbao hulowa, huvimba, na mshono hujibana. Plaiwudi ya tangi ni kinyume: ikilowa tu, tabaka zake huanza kuachana, na hakuna kurudi nyuma.

Kuna wanaojenga kwa zege. Inawezekana, lakini saruji hutoa chokaa na kupandisha pH ya maji, kile kipimo cha uasidi wake, kwa hiyo nayo huhitaji kupakwa. Mengi ninayoyasema hapa yanahusu huko pia.

Sasa rangi. Ninachokipendekeza ni epoksi isiyo na kiyeyusho, ile ya sehemu mbili, rezini na hadina inayoigandisha. Ipime kwa mizani au kwa chombo chenye alama, kama mtengenezaji alivyoagiza. Tafadhali msiongeze hadina mkidhani itakauka haraka. Hadina iliyozidi haina rezini ya kuungana nayo. Inabaki ndani, rangi inakuwa laini, na baadaye inaingia kwenye maji ya samaki. Ukishachanganya, mimina kwenye trei pana. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikikaa nyingi kwenye kikombe kirefu inaweza kuchemka na kutoa moshi. Vaa glavu kila mara. Ngozi ikizoea kuguswa na epoksi unaweza kupata mzio, na mzio huo ukishaingia hauondoki.

Tabaka la kwanza liwe jembamba ili mbao ilinywe. Lipake wakati joto linashuka, jioni kwa mfano. Mbao inapopata joto, hewa iliyomo hutanuka, hutoka, na kuacha vitundu visivyoonekana kwa urahisi. Mbao inapopoa, huvuta hewa ndani na kuvuta epoksi pamoja nayo. Jambo dogo hili la saa linaokoa kazi nyingi.

Pembe za ndani ndizo roho ya kazi yote. Zijaze kwanza kwa epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wa kazi hiyo ili pembe kali iwe mviringo, kisha laza ukanda wa kitambaa cha faibaglasi juu yake, uuloweshe kwa epoksi mpaka uwe wazi na mapovu yaishe. Pakitokea mtikisiko wowote kati ya mbao mbili, ni faibaglasi itakayoubeba. Baada ya hapo tabaka mbili au tatu nzito zinatosha. Tabaka linalofuata likipakwa kabla la chini halijakauka kabisa, yanashikana yenyewe. Ukichelewa, osha kwanza kwa maji safi na kitambaa, maana epoksi nyingi huacha utando kama nta juu yake, kisha piga msasa. Ukipiga msasa kabla ya kuosha, unausugua ule utando uingie ndani.

Kioo cha mbele, cha kutazamia samaki, kikae upande wa ndani wa fremu, ili maji yenyewe yakisukume dhidi ya fremu. Unene wake hukokotolewa kwa urefu na kina. Wajenzi wa matangi wamezoea kizio cha usalama cha 3.8, yaani kioo kiweze kuhimili mara 3.8 ya mzigo wake, na sioni sababu ya kukipunguza. Kama unataka kioo kilichoimarishwa kwa joto, kikatwe na kutobolewa kabla ya kuimarishwa, maana baada ya hapo hakikatiki, kinapasuka chote.

Kioo kinashikwa kwa silikoni safi, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Usikikandamize kioo mpaka silikoni yote itoke. Weka vipande vidogo vya milimita 3 ili ibaki nene na iweze kunyumbuka. Halafu ngoja. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia ukingoni kuingia ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku mwanzoni kisha polepole zaidi. Mshono wa upana wa sentimita 4 unahitaji wiki mbili au tatu. Najua subira hiyo ni ngumu, kwa sababu tangi tayari linaonekana limekamilika. Na kumbukeni kwamba silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, wala rangi haishiki juu ya silikoni. Kwa hiyo rangi yote itangulie.

Jaribio lifanyike mahali ambapo maji yakimwagika hayaharibu kitu. Tarehe 16 Desemba 2022 tangi la AquaDom kule Berlin, lenye takriban lita milioni 1, lilipasuka alfajiri. Lilijengwa na wataalamu. Nalitaja ili tuyaheshimu maji.

Jaza theluthi moja, acha siku nzima, kagua kila pembe kwa karatasi kavu, kisha endelea. Kabla ya kujaza, nyoosha uzi kwenye ukingo wa juu, na upime tena tangi likijaa. Utaona kwa macho limevimba kiasi gani. Uso wa maji ukishuka, usihukumu mara moja. Weka ndoo ya maji kando ya tangi, zote zikiwa wazi, uweke alama. Zikishuka milimita zinazokaribiana, ni hewa inayoyanywa. Tangi likishuka zaidi kwa wazi, kuna tundu. Hapo toa maji, kausha, na uzibe kwa ndani. Kiraka cha nje maji hukibandua.

Likikaa wiki moja bila kushuka, mwaga maji hayo yote, suuza, ndipo ujaze ya samaki. Sasa nikaribishe maswali.