Vitafunwa vya shule kwa machicha ya nazi, mbegu za boga na maganda ya nanasi

Haya jamani mambo vipi, karibuni jikoni. Leo Jumapili mchana, wali wa nazi ushaiva, watoto kesho shule, kwahiyo tunatengeneza vitafunwa vya ile break ya saa nne, na naomba mtu asikimbilie dukani kwanza. Angalia hapa mezani nilivyopanga: bakuli la machicha ya ile ile nazi ya wali, ndizi mbivu zenye madoa meusi ambazo hakuna mtoto anazigusa tena, mbegu za boga tulilokula jana, na maganda ya nanasi. Nyumba nyingi saa hizi hivi vyote vishaenda kwa kuku au vipo kwenye ndoo ya taka, na hapo hapo kesho asubuhi mama anatafuta mia tano za krips.

Nasema hivi kwa sababu ukitafuta mtandaoni vitafunwa vya afya vya watoto unaletewa mara oti, mara chia, mara lozi, ukipiga hesabu unaona bora krips. Hivyo vitu ni vizuri mwenye navyo atumie, mimi leo natumia masalia ya jikoni kwetu.

Tunaanza na nanasi maana lenyewe likishakaa jikoni halina shida na wewe. Kitu cha muhimu kinafanyika kabla hujamenya: nanasi zima lioshe kwa brashi, brashi ile ya kufulia ambayo umeitenga ya jikoni tu, sugua kwenye yale macho macho yote kwa maji ya chumvi, maana huko ndiko udongo na dawa za shambani vinajificha. Ukishalimenya ndio ukumbuke kuosha maganda inakuwa kazi, yanavurugika na utamu wote unaondoka na maji. Haya, maganda ya nanasi moja pamoja na ule moyo wa katikati mgumu, tia kwenye sufuria, maji lita moja na nusu, tangawizi kipande cha kidole uiponde na maganda yake, kijiti cha mdalasini kama unacho. Funika, acha lichemke taratibu nusu saa. Sukari usitie sasa hivi, utaonja mwishoni, na mara nyingi nanasi likiwa limeiva haihitaji kitu. Twende huku.

Mbegu za boga. Hizi nilizitoa jana, nikaziosha kwenye maji mengi nikawa nazifikicha kwa mkono mpaka ule utelezi na nyuzi nyuzi zikatoka, nikaziloweka kwenye maji ya chumvi kidogo, halafu nikazitandaza kwenye ungo juani. Kama kwenu ni msimu wa mvua zikaushie pembeni ya jiko, ila zikauke kweli, mbegu mbichi ukiikaanga inaungua nje ndani inabaki laini. Kikaango kikavu, hakuna mafuta, moto mdogo, unakoroga. Sikilizeni... mnasikia hiyo? Zinapasuka pasuka. Zikianza hivyo hesabu dakika tatu nne, zikiwa na rangi ya kahawia kwa mbali toa upesi kwenye sahani, usiziache kwenye kikaango chenye moto maana zitaendelea kuungua zenyewe.

Mkubwa wa darasa la nne la tano unaweza kumfungia hivi hivi kiganja kimoja akatafuna. Wa chekechea, chini ya miaka mitano, usimpe mbegu nzima wala karanga nzima, anakimbia huku anacheka huku anakula, inampalia. Yeye tunazitwanga. Nachukua kinu kidogo, natwanga mpaka inakuwa unga unga wenye chenga ndogo, na nusu kikombe cha huu unga naweka pembeni, ndio unaingia kwenye biskuti sasa hivi. Humo kuna protini, kuna madini ya zinki na chuma, yani mbegu hizi zimelishinda hata boga lenyewe kwa mambo mengi na sisi ndio tunazimwaga.

Najua kuna mtu anauliza mbona hujaweka karanga. Weka, karanga tamu, ila nisikilize vizuri hapa maana tumeongea habari ya kutotupa: karanga yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, ile chungu ukitafuna, hiyo TUPA. Usiseme nitaikaanga vizuri itakuwa sawa. Ile sumukuvu, yani sumu inayotolewa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kupika kwa kawaida, na siyo hadithi za kutishana, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Na hata kuku usimpe. Halafu muulize mwalimu kama darasani kuna mtoto mwenye aleji ya karanga, watoto wanagawana chakula hata ukiwakataza.

Haya sasa biskuti zetu za machicha, hapa ndio penye kazi.

Machicha haya ni ya nazi moja kubwa, yamekamuliwa tui zito na tui jepesi, yamebaki kama vikombe viwili. Kama umekuna kwa mbuzi yatakuwa na chenga nzuri, kama umesaga kwa blenda yanakuwa laini zaidi, yote sawa. Ila yawe ya leo. Kwa joto la Dar machicha yakilala nje mpaka asubuhi yameshachacha, ukinusa tu unajua. Huna muda leo, yafunge yaweke friza, yatakungoja.

Hatua ya kwanza, na usiiruke, tunayakausha. Kikaango kile kile cha mbegu, moto mdogo, mimina machicha yote, koroga bila kuacha kama dakika kumi hivi. Mwanzoni yatatoa mvuke na yatashikana shikana, wewe endelea, baadaye utaona yanaachana na harufu inabadilika, nyumba nzima inanukia kashata. Utajuaje yamekauka? Kamata kwenye ngumi uachie, kama yanamwagika yenyewe yapo tayari, kama yanabaki bonge bado yana maji. Wengi biskuti zinawatoka mbichi katikati wanalaumu jiko, kumbe ni hapa hawakusubiri.

Yakiwa yanapoa, menya ndizi tatu, ziponde kwa uma kwenye bakuli kubwa. Kadiri zilivyoiva ndivyo bora, sukari yetu ndio hii. Vunja yai moja, tia chumvi ya kubana na vidole viwili, hiliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula, koroga. Sasa ingiza machicha, ingiza ule unga wa mbegu za boga, halafu unga wa atta kikombe kimoja, na beking pauda nusu kijiko cha chai. Kama una unga wa ulezi weka nusu atta nusu ulezi, rangi inakuwa nyeusi kidogo lakini ladha inanoga. Dona nimeiacha makusudi, hapa inakuwa na mchanga mchanga mdomoni watoto watakurudishia.

Changanya kwa mkono. Inatakiwa ushike kidonge kikae, kisipasuke na kisinate vidoleni sana. Ikinata ongeza atta kijiko kimoja kimoja, ikipasuka ongeza kipande cha ndizi. Siwezi kukupa kipimo cha mwisho kabisa maana ndizi zako siyo zangu, hapo tumia mkono wako.

Kuhusu sukari. Watoto waliozoea biskuti za dukani siku ya kwanza watasema hazina sukari, na ni kweli hazina, kwahiyo kwa wiki hizo za mwanzo kata tende tano sita vipande vidogo uchanganye humo, hasa kama una zile zilizobaki za Ramadhani zimekauka kwenye kopo. Taratibu unapunguza tende bila kutangaza.

Fanya vidonge vya ukubwa wa limau, vibonyeze viwe bapa unene wa kidole kidogo. Wenye oveni, nyuzi 180, trei imepakwa mafuta, dakika ishirini mpaka ishirini na tano. Wenye jiko la mkaa, sufuria pana imepakwa mafuta, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, anza kuchungulia baada ya dakika kumi na tano. Na wenye gesi ya plate mbili kama mimi leo, kikaango cha chapati, moto mdogo kabisa, funika, dakika sita geuza, dakika sita tena. Usiongeze moto ukajidanganya unawahi, ndizi inaungua haraka kuliko unavyodhani. Zikitoka zitakuwa laini laini, ziache zipoe kabisa kwenye ungo ndio zinakaza, ukizifungia za moto kwenye chombo zinatoa jasho na kesho kutwa zina ukungu. Nje zinakaa siku mbili, friji siku nne. Hapa nimepata kama kumi na nane, yani watoto watatu siku tatu mbili mbili kila mtu, ukitengeneza zaidi ya hizo zilizozidi gandisha, asubuhi unatoa ukiwa unachemsha chai, mpaka saa nne imeshalainika.

Turudi kwenye nanasi, nazima moto, mnaona rangi ilivyokuwa ya dhahabu. Chuja, onja... mimi sitii kitu. Ikipoa weka kwenye friji, ni ya siku mbili tu, ukiona inaanza kutoa povu imeshaanza kuchacha, usiifungie mtoto kwenye chupa kabisa maana chupa itavimba mfuniko urushwe darasani. Na bado chupa ya maji iwepo, hii juisi ni ya kubadilishia ladha siku moja moja. Maganda yaliyochemshwa sasa ndio waite kuku, au yafukie kwenye ndoo ya mbolea.

Mwisho kufungasha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini pakiti za krips na biskuti hazikuguswa, na ukipita uwanja wowote wa shule baada ya break utaziona zimetapakaa. Kwahiyo sisi tunafungia kwenye vyombo tulivyonavyo: kopo la siagi lililoisha, lioshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu iishe, tandika ndani kipande cha kanga iliyochakaa uliyokata mraba na kukunja pindo. Hicho kitambaa kinanyonya unyevu, na mtoto anafutia mikono, jioni kinafuliwa na soksi. Makopo haya ni ya vitu vilivyopoa tu, chakula cha moto tafuta chombo cha chuma au hotpoti. Biskuti mbili, kipande cha nanasi lenyewe kwenye kikopo kingine kisilowanishe biskuti, kiganja cha mbegu kwa mkubwa, basi.

Na chukua maka peni uandike jina la mtoto kwenye kopo, halafu uandike tena kwenye mfuniko, maana kopo huwa linarudi, mfuniko ndio unabaki shule.